Siku Baba Wanjala Aliposhika Wembe

Iko siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa mengi ya miaka ile ya hamsini yamenitoka. Nilikuwa bado mdogo, nimeolewa Elburgon, mume wangu, Baba Wanjala, akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Akisukuma gogo asubuhi moja aliteleza, msumeno ukamkata mkono wa kulia chini ya kiwiko.

Alipotoka hospitali kule Nakuru niliapa hatateseka tena. Nikamlisha kwa kijiko, nikamfunga vifungo vya shati, nikamnyoa. Wageni wakimwuliza hali, nilijibu mimi, naye amekaa hapo hapo. Majirani walinisifu. Lakini yeye alizidi kunyamaza. Mtu aliyekuwa akicheka mpaka wapita njia wanageuka, sasa alitazama ukuta kutwa nzima. Nikaingiwa na hofu. Nikaficha kamba, nikaficha panga.

Basi adhuhuri moja nikarudi kutoka mtoni, mtoto mgongoni. Kitanda kitupu. Nikatazama juu ya kabati, nilikoweka wembe wa kumnyolea: haupo. Nikamwita. Nikazunguka nyuma ya nyumba mbio.

Alikuwa amekaa kwenye kigogo, kioo amekiegemeza kwenye debe, wembe shingoni kwa mkono wa kushoto. Damu ilikuwa imefika kwenye shati.

Nikapiga ukelele, nikamwendea nimnyang'anye.

"Usiniguse!" Wembe ulibaki pale pale kooni. "Mama Wanjala, simama hapo."

"Unataka kuniachia mtoto peke yangu?"

Alinitazama kwa mshangao, ndipo nikaona povu la sabuni kidevuni.

"Kujiua? Nanyoa ndevu! Nikijikata, nimejikata. Shavu ni langu." Akaufuta wembe kwenye suruali. "Tangu nirudi hujaniuliza hata siku moja kama nataka chai au uji. Msumeno ulichukua mkono. Hayo mengine yote umeyachukua wewe."

Nikamfungua mtoto mgongoni. Nikakaa kwenye nyasi. Alijikata tena mara mbili, na kila mara nilijizuia nisiinuke. Mwishowe nikauliza kwa woga, "Nikushikie kioo?"

Alifikiri. "Shika. Lakini usiseme kitu."

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Alimwaga chai, akanikasirikia, nami nikamkasirikia. Ugali ulikuwa ukiiva kabla hajamaliza kuvaa shati. Lakini alikwenda kiwandani mwenyewe kuomba kazi, akakataliwa, akarudi tena na tena, hadi wakampa ya kupaka magogo alama za rangi. Jioni ya siku aliyoipata kazi hiyo nilimsikia akicheka na jirani huko barabarani. Nililia jikoni, sufuria ikaungua.

Ndiyo maana nakuambia: huenda kesho ukamtunza mtu aliyepoteza kiungo, au macho, au nguvu za miguu. Mwulize kwanza. Akikataa, mwache, hata kama roho inakuuma kumwona akihangaika. Mambo yake ayaamue yeye, maana mtu asiyeamua lolote hufa moyo huku bado anakula. Na ukiwa wewe ndiye uliyeumia, sema unachotaka mapema. Mume wangu alinyamaza miezi, na ile miezi ilitutesa sote wawili.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe watu wa kukupenda, na wanapokupenda wakuulize.