Chupa ya Kijani Jikoni kwa Mwanaidi

Nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mgahawa wa dada Mwanaidi, hapa Kibiti, hupika vyakula vya dunia nzima, nami roho yangu iko kwa kamba wa Salale, kule deltani, wanaopikwa Kichina.

Nilikuwa nimesoma kwamba Wachina hutia mvinyo katika mapishi yao. Juzi mchana nikachungulia dirisha la jikoni, nikamwona Mwanaidi akiwamiminia kamba kitu cheusi kutoka chupa ya kijani yenye picha ya zabibu.

Ndani, Sheikh Mfaume, mwenye nyumba wangu, alishaletewa sahani ya kamba hao.

“Sheikh, usile,” nikasema kwa sauti ya mimbarini. “Mna mvinyo humo.”

Vijiko vikashushwa. Wateja wawili wakaondoka.

“Kaka, unanifungia mgahawa?” Mwanaidi akauliza, akitokea mlango wa jikoni.

Nikaifuata chupa, nikaiweka mezani. Sheikh akaonja kwa kidole.

“Asali ya mikokoni. Nimemletea mimi.”

“Katika chupa ya mvinyo, sheikh?” nikakaza.

“Nilikosa chombo, nikaokota moja nikaiosha.” Akarudia kamba wake. “Ziko nyingi, mwanangu, chini ya dirisha la chumba chako.”