Uchovu wa Ndege wa Kijani

Kazini walimwita Mama Baiti, kwa ubahili wake. Hakuwa bahili wa chai wala wa maneno. Alibania baiti, vile vipande vidogo vya data ambavyo simu moja huipelekea nyingine. Kazi yake ilikuwa kuamua, kwa kila kitu ndani ya mchezo wao, simu ya mwenzako iambiwe nini, na kila jambo lipewe nafasi kiasi gani. Ndege, kwa mfano: baiti mbili za namba yake, mbili mbili za mahali alipo mbele, kando na juu, moja ya rangi. Basi! Kiumbe mzima anayekata mbawa angani, ndani ya baiti tisa. Miaka sita ameifanya kazi hiyo, na bado ilimsisimua mwili.

Asubuhi moja mkuu wao aliegemea meza yake.

"Mama Baiti, tuelewane. Toleo jipya linatoka saa sita mchana. Simu za zamani zikileta matata, tunazifungia nje. Vikongwe vitatuchelewesha mpaka lini?"

"Vikongwe hivyo vina wenyewe. Nani kasema anga ni ya wenye simu mpya tu?"

Mmoja wa wenyewe alikuwa baba yake, dereva wa lori mstaafu, aliyeishi mwendo wa siku nzima kutoka hapo. Simu yake ingebaki na toleo la wiki iliyopita, maana mtandao wa kwao haukuwa na ubavu wa kushusha jipya. Kila asubuhi waliruka pamoja mchezoni, binti ndege wa kijani, baba wa kijivu. Simu zile zikifungiwa, hayo yamekwisha.

Akampigia, akaiweka simu kwenye spika ili mkuu asikie.

"Shikamoo baba. Uko angani?"

"Marahaba. Niko mlimani nakungoja, umechelewa kama kawaida yako."

Akafungua toleo jipya kwenye kompyuta yake, akapaa. Jana yake alikuwa amewaongezea ndege jambo moja jipya: uchovu, baiti moja tu, inayopanda kadiri ndege anavyopiga mbawa.

"Wee!" baba akapiga kelele. "Una nini? Ulikuwa mweupe, mara njano, sasa mwekundu kama pilipili!"

"Kwangu mimi ni kijani tu, baba."

"Basi nimezaa kinyonga."

Mkuu akatazama saa. Saa tano na robo. "Si nilisema?"

Mama Baiti akaisogelea simu. "Baba, ngoja nitue kwenye jiwe. Rangi inakuwaje?"

"Inarudi... njano. Haya, mweupe tena."

Akaduwaa, mkono mdomoni. Baba yake alikuwa anautazama uchovu wake kwa macho! Kwa kubania nafasi, ujumbe wao haukuwa na majina ndani yake; simu iliijua kila baiti kwa zamu yake katika foleni. Naye alikuwa ameupachika uchovu mbele ya rangi, kwa kuwa daftarini ulipendeza ukikaa karibu na kimo. Simu zenye toleo jipya zilikuwa na habari. Ya baba iliisoma baiti ya tisa kama siku zote, ikaiita rangi.

Akauhamishia uchovu mwisho wa foleni, uwe baiti ya kumi, ambayo simu ya zamani ingeiacha bila kuigusa. Akaupeleka mpangilio mpya kwenye seva, kompyuta kuu ya mchezo. Majaribio yalikwenda kwa mwendo wa kobe, mkuu akizunguka nyuma ya kiti. Saa sita kasoro dakika nane yakaisha.

"Baba, toka, kisha ingia tena."

Wakangoja. Mtandao ulikuwa unajivuta.

"Kijani," baba akasema taratibu. "Kijani kitupu. Nakuona, mwanangu."

Mkuu akainama kwenye kioo. Ndege wawili walikizunguka kilele kimoja, bawa kwa bawa, na waliowarusha walikuwa mbali hata jua halikuwachomozea katika dakika ileile.

"Hiyo yote," akauliza, sauti imeshuka, "ni baiti tisa?"

"Kumi sasa."

Mkuu alikaa akitazama mpaka saa sita ikapita. Kisha akavuta kibodi na kulitoa toleo mwenyewe, kwa simu zote.