Posa Katika Chumba cha Wafaransa

Baba yangu alinitafutia mchumba kwa simu kutoka Mombasa. Mimi nilikuwa Takoma Park, Amerika, nikiishi na dada yake, yaani shangazi yangu, katika fleti ya ghorofa ya tatu, na mchana nilikuwa nikipiga taipu kwenye ofisi ya bima mjini. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, umri ambao kwa baba ulikuwa tayari ni dharura.

Mchumba mwenyewe alikuwa mhasibu, Mzanzibari, mtu wa miaka arobaini na kitu aliyefiwa na mkewe. Alikaa Woodbridge, na alikuwa na gari kubwa la rangi ya maziwa ambalo alikuwa akilipaki kwa dakika nyingi kana kwamba analaza mtoto. Baba alimsifu kwa mambo mawili: ana dini na ana nyumba. Mimi nilishamkataa moyoni kabla sijamwona, ila sikuwa na ujasiri wa kusema, basi nikakubali aje anione, nikitumaini kwamba yeye ndiye ataona nina kasoro.

Tatizo lilikuwa mahali pa kuonana. Shangazi hakutaka mwanamume mgeni aingie kwetu, kwa sababu kuta zilikuwa nyembamba na jirani wa mkono wa kushoto alikuwa mama wa Kilamu mwenye masikio mazuri. Mkahawani hakutaka, kwani hakujua kikaango chao kimekaangia nyama gani. Bustanini kulikuwa na baridi. Mwishowe akapata dawa: lile jumba la makumbusho ya picha za kuchora mjini, kando ya uwanja mrefu wa majani.

"Bure," alisema. "Kuna joto, kuna choo, na kila chumba serikali imeweka askari. Nani atasema nilikuacha peke yako na mwanamume?"

Jumamosi tukapanda treni, Shangazi katika buibui lake na koti zito juu yake, mimi katika viatu vipya vilivyonibana. Mhasibu alikuwa anatungoja mlangoni na suti ya kahawia. Alimwamkia Shangazi vizuri, "Shikamoo Shangazi," akamwita shangazi kama mimi nimwitavyo, kuonyesha kwamba ameshajihesabu ni wa nyumbani. Mimi alinisalimia huku akitazama kifungo cha koti langu.

Tukaanza kutafuta pa kukaa. Chumba cha kwanza kilijaa sanamu za Wagiriki wasio na nguo, Shangazi akageuka kabla mguu wa pili haujaingia. Chumba cha pili kilikuwa cha watakatifu waliochomwa mishale, damu inawachuruzika, na hapo hata mhasibu alikubali kwamba si mahali pa posa. Tuliendelea hivyo hadi tukafika chumba kimoja chenye kuta za kijani hafifu na benchi la kukalia katikati, tukakaa watatu, Shangazi kati. Ndipo tukainua macho.

Kilikuwa chumba cha Wafaransa wa zamani. Sijawahi kuona watu wasio na kazi namna ile. Wanawake wamevaa gauni ambazo kitambaa chake kingetosha kushona mapazia ya mtaa mzima, wanaume wamepaka poda na kuvaa nywele za bandia, mashavu mekundu kama wana homa, na mawingu nyuma yao yamevimba kama pamba iliyotoka kwenye godoro. Na wote, bila kubakiza mmoja, walikuwa katika mambo ya siri. Huyu anapokea barua chini ya kipepeo cha kujipepea. Yule mwalimu wa muziki anafundisha, lakini mkono haupo kwenye ala. Kwenye picha kubwa kuliko zote msichana alikuwa kwenye bembea, mzee anamsukuma kutoka nyuma, na mbele kichakani kijana amelala chali, anatazama juu.

Mhasibu alikohoa. Aliinuka akaenda kusoma kibao kilichoandikwa pembeni ya picha, akarudi na kutuambia mwaka na aina ya rangi, kwa sauti ya mtu anayesoma hesabu za mwisho wa mwezi.

Shangazi hakumsikiliza. Alikuwa amekaza macho kwenye bembea.

"Huyu mzee anayesukuma ni nani wake?" akauliza.

"Haikuandikwa, Shangazi," mhasibu akajibu. "Labda ni mumewe. Labda ni babake."

"Yote mawili ni hasara. Anatoka jasho kumsukuma, na anayefaidi yuko kichakani."

Nilitazama sakafu. Nilidhani mhasibu ataaga na kuondoka, na nikaanza kufurahi. Badala yake alikaa tena, akaitazama ile picha kwa makini, akasema, "Na huyo wa kichakani naye hana akili. Majani yote hayo, kupe watamla."

Shangazi alicheka. Nilikuwa nimeishi naye miaka mitatu na kicheko kile sikuwahi kukisikia. Alikuwa ameachwa na mumewe zamani, kabla hajaja Amerika na familia ya balozi kama mlezi wa watoto, na tangu hapo wanaume aliwazungumzia kama mtu anavyozungumza juu ya mvua ya mawe. Sasa alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio na kumwonyesha mhasibu picha nyingine.

"Yule mtumishi aliyeshika taa, unamwona? Huyo ndiye kuwadi. Tazama anavyojifanya haoni."

"Kashalipwa huyo," akasema mhasibu.

"Kalipwa pande zote mbili."

Walipita ukuta mzima hivyo, mmoja mmoja, wakiwasengenya Wafaransa waliokufa zamani kama majirani wa Malindi mjini Unguja. Mimi niliwafuata nyuma nikiwa nimebeba makoti. Hakuna aliyeniuliza hata nimesoma mpaka darasa gani.

Jioni baba akapiga simu. "Umemwonaje?"

"Ni mtu mzuri," nikasema.

"Basi tuseme ndiyo?"

"Ngoja kidogo, Baba. Anataka kuniona tena."

Na kweli alitaka, au angalau alipiga simu kuomba hivyo. Tulirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo, mpaka askari wa chumba kile akawa anatuitikia kwa kichwa. Kila tukifika, Shangazi aliniambia, "Hebu nenda ukatazame ile picha ya mbwa, chumba cha jirani, ni nzuri sana." Niliitazama ile picha ya mbwa hadi nikaweza kumchora. Mama wa Kilamu alinikamata kwenye ngazi akanipa mkono wa pongezi, na wanawake wa msikitini wakaanza kuniuliza nitavaa rangi gani. Nilishukuru na kuinamisha macho.

Siku moja nilitoka kwa mbwa mapema. Mhasibu alikuwa amekaa benchini peke yake, wima, katika suti yake ya kahawia, na mapajani ameshikilia mkoba mweusi wa Shangazi kwa mikono miwili. Shangazi alikuwa ameenda msalani. Aliponiona, mhasibu alijaribu kuuficha chini ya koti, lakini mkoba ule ulikuwa mkubwa. Shangazi aliporudi, yeye akainuka na kumkabidhi, akasema kwa upole, "Chukua, bibie."

Bibie. Nilitambua hapo kwamba lile neno shangazi sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu wiki mbili nyuma.

Usiku ule, Shangazi akiwa anakata mchicha jikoni, nilimkabili.

"Shangazi, huyu bwana anakuja kumtazama nani?"

"Alikuja kukutazama wewe."

"Na sasa?"

"Sasa ameshakutazama," akasema, akaendelea na mchicha.

Ningepaswa kufurahi. Nilikuwa nimeomba dua mtu yule aniondokee, na dua ilikuwa imejibiwa bila mimi kusema neno. Lakini niliingia chumbani nikasimama mbele ya kioo, nikajitazama ubavu huu na ubavu ule, nikiwa na hasira ya kweli. Nilikuwa nimepanga kumkataa mtu, naye akaniwahi. Tena hakuniwahi kwa msichana wa miaka ishirini, aliniwahi kwa mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye goti bovu. Nililala bila kula huo mchicha. Asubuhi Shangazi alinipikia vitumbua, jambo analofanya Idi tu, akakaa mbele yangu akiwa amejitanda vizuri kama mtu aliye mbele ya kadhi.

"Ukisema hapana, nitamwambia asije," akasema. "Nasema kweli."

Nilimtazama. Mikono yake ilikuwa inachezea ukingo wa sahani. Nikala kitumbua kimoja, cha pili, halafu nikamwambia awaze atamwelezaje kaka yake, kwa sababu mimi sitamweleza.

Bila shaka ni mimi niliyemweleza. Simu ilipoita Shangazi alikimbilia bafuni.

"Baba, ile posa imekubaliwa," nikasema.

"Alhamdulillahi."

"Lakini si mimi."

Laini ilikuwa inakwaruza. "Si wewe, nani?"

"Shangazi."

"Shangazi yupi?"

"Baba, huku yuko shangazi mmoja tu."

Akaweka simu kando. Kisha nikasikia anamweleza mama, na mama anacheka mpaka anakohoa, halafu mama akachukua simu na kuniuliza siku ya kwanza nilivaa nini. Nilipomwambia koti la kijivu, alisema, "Si ajabu."

Baba alitaka kuongea na dada yake. Nilimtoa bafuni kwa nguvu. Alisimama na mkono wa simu kama mtoto wa shule, ndiyo kaka, ndiyo kaka, la hasha kaka, si kwa makusudi. Hapo aliniangalia, akageukia ukuta. "Kidogo," akasema.

Baba alitoa idhini, kwani hakuwa na sababu ya kukataa. Mtu yule bado alikuwa na dini na nyumba, na mwanamke aliyeposwa alikuwa wa ukoo uleule. Nikah ilifungwa sebuleni kwetu na mwanafunzi wa uhandisi aliyekuwa imamu wa msikiti siku za wikendi, pilau ikatoka kwa mama wa Kilamu, ambaye alikuwa na mengi ya kusikiliza. Mhasibu aliniletea zawadi ya saa ya mkononi, akanipa bila kunitazama usoni. Nilikaa miezi sijui nimwite nani, kwa hiyo nilimwita "wewe hapo" kwa adabu, naye akaitikia.

Tulipakia vitu vya Shangazi kwenye gari la rangi ya maziwa Jumapili ya mvua. Masufuria aliniachia, viungo vyote akachukua. Alikaa kiti cha mbele, akafunga mkanda, akafungua dirisha na kuniambia nifunge mlango kwa komeo mbili na nisimfungulie mwanamume yeyote. Mumewe alitumia muda mrefu kulitoa gari pale kando ya barabara, naye akawa anamwongoza kwa sauti, kulia, kulia, simama, sasa twende.