Koki Niliyoikaza

Kosa langu la kwanza Marekani lilikuwa kufunga koki.

Nilikuwa nimehamia Okolona, kusini mwa Louisville, kwa kaka mmoja wa Tanga aliyenikaribisha kwake. Simu zilikuwa zikilia tahadhari ya dhoruba ya barafu. Dukani mikate ilikuwa imeisha, watu wanasukuma matoroli kimya kama wanaohama. Sisi tuliambulia mchele, mishumaa na betri. Kabla ya kwenda zamu yake ghalani, kaka aliilegeza koki ya jikoni, maji yakaanza kudondoka tone tone.

"Mdogo wangu, hii usiiguse," alisema akivaa buti.

"Sawa, kaka."

Sikuuliza kwa nini, maana sipendi kuonekana sijui. Nimekulia Dodoma, tukinunua maji kwa ndoo kutoka kwa wenye mikokoteni. Kila tone lilinigonga kichwani. Nilivumilia mpaka nikaosha vyombo, nikapanga sahani kwa ukubwa, kisha nikaikaza koki kabisa. Nikajiona mtu mwenye adabu.

Kwa baridi ile, maji yaliyoacha kutembea yaliganda ndani ya ukuta. Asubuhi bomba likapasuka, maji yakateremka hadi kwa mama wa Kikongo aliyekaa chini yetu na wanawe. Mifuko ya unga aliyoweka kwa ajili ya dhoruba ilikuwa sakafuni, kando ya ukuta huohuo. Nje barabara zilikuwa barafu tupu. Hapakuwa na kwenda dukani.

Nilishuka nikasimama mlangoni kwake.

"Ni weye ulifunga robine?" aliuliza, akionyesha koki yake.

"Ndiyo, mama. Niliona maji yanapotea."

"Bon. Sasa imepotea kweli." Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kule Uvira na mimi ningefunga. Ingia, mtoto yangu. Hii unga imeshalowa, tutaipika yote leo. Jengo muzima itakula kwangu."

Sikuingia. Nilisema nina maji ya kukausha juu, nikapanda ngazi. Siku nzima nilisikia vicheko vyao, na mwiko ukigonga sufuria chini ya miguu yangu. Kaka aliporudi kwa mguu kutoka zamu, alishuka kula, akaniletea sahani. Niliila nimesimama. Tangu hapo nikawa napita mlango wa yule mama mbiombio.

Baadaye nilihamia Columbus, chumba cha peke yangu Northland, karibu na Morse Road. Niliwaambia watu nafuata kazi. Ukweli ni kwamba nilitaka kuishi mahali ambapo kosa langu halimmwagikii mtu. Nilijifunza baridi kwa video, kama nilivyojifunza kila kitu. Dhoruba ilipokuja nilikuwa na maji kwenye madumu, maharage ya kopo, plastiki ya kuzuia baridi dirishani. Koki ilidondoka inavyotakiwa. Hakuna kilichoharibika, na hakuna aliyegonga mlango. Nikatamani kumwambia mtu kwamba safari hii sijakosea. Sikuwa na wa kumwambia.

Sasa niko Buffalo, ambako theluji huziba milango. Msimu uliopita walipotangaza dhoruba kubwa, nilimwomba kaka namba ya yule mama, nikampigia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, nimeyarudia mara nyingi mbele ya kioo. Hakunipa nafasi.

"Weye! Mtoto ya robine! Uko wapi?"

"Buffalo, mama."

"Robine iko wazi?"

"Inadondoka, mama."

"Na unakula na nani?"

Nikaanza kumweleza habari za theluji.

"Ninauliza, unakula na nani?"

"Peke yangu."

"Ah, non! Chini yako hakuna watu?"

Walikuwapo: familia ya Warundi, ambao tulikuwa tukipungiana nao mikono tu pale nje kwenye magari. Nilikata simu, nikabeba unga wangu wote, nikashuka kugonga kwao huku theluji ikianza.

Bado naogopa kukosea, na sahani bado nazipanga kwa ukubwa. Lakini sasa dhoruba ikitangazwa, nailegeza koki, kisha nashuka kula na watu wa chini.