Mtu wa Pili Mteremkoni

Siku ya tatu baada ya kutua Riyadh tulipangwa mstari kwenye ua wa kampuni, Wakenya kumi na mmoja tulioletwa na wakala mmoja, na msimamizi akauliza ni nani kati yetu aliyewahi kuona theluji. Mimi nilizaliwa Nanyuki. Asubuhi ikiwa haina mawingu, theluji ya mlimani unaiona ukiwa mlangoni kwa mama. Sikuwahi kuigusa, lakini swali lilikuwa la kuona, kwa hiyo nikainua mkono. Wenzangu walipelekwa kulinda mageti na maghala. Mimi nikapelekwa kwenye jumba la theluji.

Lilikuwa ndani ya jumba la maduka, kaskazini mwa jiji. Nje jua lilichoma hadi mlango wa gari haushikiki kwa mkono mtupu. Ukipita milango miwili mizito, baridi inakuingia puani. Humo ndani kulikuwa na mteremko mmoja, kama mita themanini hivi, wa watu wa skii, zile mbao mbili ndefu zinazofungwa kwenye viatu. Katikati ya mteremko waliojenga walikuwa wameweka nundu, ati upendeze. Nundu hiyo ilininyima amani. Ukiwa juu, humwoni aliye nyuma yake. Aliyeanguka hapo, aliyeinama kukaza kiatu, aliyesimama kujipiga picha, wote sikuwaona.

Mwalimu wa skii, Mfilipino mmoja wa makamo, alinifunza kwa wiki mbili. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinisimamisha juu, akaniambia nimtazame anavyoshuka, kisha akapanda tena na mkanda wa kubebea watu.

"Umeniona mgongo tu," alisema. "Mimi sijakuona hata kidogo. Kwa hiyo wewe unayekuja nyuma ndiye wa kunikwepa. Wafundishe hilo kwanza. La pili, ukitaka kusimama, toka pembeni. Usisimame mahali ambapo wa juu hakuoni."

Ilionekana kazi rahisi. Nilipewa firimbi na kamba. Kamba ilizuia foleni juu ya mteremko; mimi naifungua, anashuka mmoja, naifunga, namsubiri atokeze chini, naifungua tena. Tatizo ni kwamba mtu akikawia kutokeza, sikuwa na njia ya kujua kama ameanguka au anapiga soga. Ilibidi nishuke mbio na viatu vizito hadi kwenye nundu, nichungulie, nipige firimbi, nipande tena. Nilikuwa natoka jasho kwenye baridi ile, jasho linakuwa maji baridi mgongoni. Na kila nikishuka, foleni juu inabaki peke yake.

Nilimwendea meneja wa jumba wiki yangu ya kwanza ya kushika kamba.

"Bosi, tunahitaji mtu wa pili, asimame kwenye nundu. Akiinua mkono, mimi nafungua kamba."

"Una firimbi," alinijibu.

"Firimbi haioni, bosi."

Alicheka, akasema "yalla, yalla," haya twende kazi, akarudi kwenye simu yake. Nilimwendea tena mwezi uliofuata, na mwingine. Nilichora hata karatasi, mteremko na nundu na vijitu viwili, mmoja juu na mmoja katikati. Aliitazama kwa heshima kabisa, akaikunja, akaitia mfukoni. Sikuiona tena.

Wateja nao hawakusikia. Watu wazima, wenye heshima zao, ukimwambia atoke katikati ya njia anakutazama kama umemtukana. Wanaume watatu walikuwa wanaweza kuketi chini ya nundu kwenye mstari, miguu wameinyoosha, wakisubiri mwenzao awapige picha. Nikiwaambia "shwaya yamin," sogeeni kulia kidogo, wananijibu "mafi mushkila," hakuna tatizo. Neno hilo nililisikia kutwa nzima.

Mwanamke nitakayesimulia habari zake alianza kuja na familia moja kila Ijumaa alasiri. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, na nilimtambua Mkenya kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi alivyovaa lile koti la kukodi juu ya abaya huku akijicheka mwenyewe. Alipoongea nikajua ni mtu wa Pwani. Mtoto aliyemlea, msichana wa miaka sita, alikuwa anajifunza skii. Madam, mama wa mtoto, hakupenda baridi. Aliketi mkahawani, nyuma ya kioo kikubwa kinachotazama mteremko, na kutoka huko alimwongoza mfanyakazi wake kwa simu: panda, shuka, mshike, mpige video.

Siku ya kwanza nilimkuta amesimama chini kidogo ya nundu, katikati kabisa, simu mkononi.

"Dada, usisimame hapo. Wa juu hawakuoni."

"Madam amesema nisimame hapa, kaka. Mtoto akitokeza pale juu, video inakuwa nzuri."

"Basi simama pembeni, karibu na uzio."

Alisogea. Dakika mbili baadaye simu ililia, akasikiliza, akanitazama kwa macho ya kuomba radhi, akarudi katikati. Huko pembeni nguzo ilikuwa inaziba video.

Ijumaa ya pili nikamwambia tena. Ya tatu nilikwenda mwenyewe hadi kwenye kioo, nikagonga. Madam akainua uso. Nikamwonyesha mfanyakazi wake, nikaonyesha juu, nikapiga viganja viwili pamoja kuonyesha watu wakigongana. Alitabasamu, akanipungia mkono. Nadhani alifikiri namsifu mtoto.

Nilirudi juu nikiwa nimewaka. Nikawa namwachia mtoto ashuke, kisha nashuka nyuma yake kumtoa yule dada njiani, kisha napanda. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya siku ile ya ajali. Nilikuwa bado nashuka, hatua chache kabla ya nundu, nilipohisi mtu akinipita kwa upande wa kushoto. Alikuwa mtu mzima mwenye koti lake mwenyewe na miwani ya bei, aliyekuwa ameniambia pale juu kwamba yeye ameteleza Ulaya na hahitaji kufundishwa. Alikuwa ameinua kamba mwenyewe. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, kwa sababu hicho ndicho kilichotoka. "Toka! Dada, toka!"

Dada aligeuka kunitazama badala ya kutoka. Yule bwana alimgonga ubavuni, wote wakaviringika hadi chini.

Nilipomfikia alikuwa ameketi, mkono wa kushoto ameukumbatia, kifundo kimekaa vibaya. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Simu iko wapi? Ni ya madam."

"Achana na simu, dada. Usiusogeze mkono."

"Itafute, kaka, tafadhali. Itafute."

Nikawa napekua theluji kwa mikono, mimi mlinzi wa mteremko, natafuta simu huku mtu amevunjika mkono mbele yangu. Yule bwana alisimama, akajipangusa magoti. "Kwa nini alisimama pale?" aliniuliza. Alikuwa ananiuliza swali langu mwenyewe, na alikuwa na hasira kama yeye ndiye aliyeumizwa.

Madam alikuja akikimbia. Alimshika mtoto kwanza, akamkagua miguu na mikono, ingawa mtoto hakuguswa na alikuwa analia akimwita yaya wake. Kisha akaitwaa simu kutoka kwangu. Kisha ndipo akamtazama dada, akaweka mkono kinywani. Hakuwa mtu mbaya; mara moja akamwita dereva. Dereva wao akampeleka dada hospitali.

Jioni hiyo hiyo meneja aliniita nitie sahihi ripoti. Ilikuwa kwa Kiarabu. Nilimuuliza inasema nini, akasema inasema yaliyotokea. Nilikuwa nimechoka, na ofisini kulikuwa na joto lililonilegeza baada ya baridi ya mchana kutwa. Nikatia sahihi. Kesho yake mwenzangu Msudani, aliyekuwa akikodisha viatu na kusoma kila karatasi iliyopita mezani pake, akaniambia: "Umeandika kwamba ulimwonya yule mwanamke mara tatu, akakataa kusikia."

"Na yule bwana aliyeinua kamba?"

"Hayupo."

"Na kwamba hakuna mtu kwenye nundu?"

Alitikisa kichwa.

Nilipanda ofisini bila kubisha. Meneja hata hakukasirika.

"Hukumwonya mara tatu?" aliuliza.

"Nilimwonya, bosi, lakini..."

"Basi uongo uko wapi?"

Nilishuka nikarudi kwenye kamba yangu. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Katika ile karatasi, kadiri nilivyosomewa, hakukuwa na neno moja la uongo.

Yule dada alirudi baada ya wiki tano. Mkono ulikuwa kwenye plasta, na kwa ule mzima alibeba makoti ya familia, amesimama mlangoni ambapo si baridi sana. Mtoto sasa alikuwa na mwalimu wake wa kulipiwa. Nilimfuata dada wakati wa mapumziko yangu, nikamwambia kuhusu ripoti, kwamba sahihi ni yangu. Nilitaka anikaripie.

"Watu wa kampuni yenu waliniuliza hospitali kwa nini sikukusikia," alisema.

"Ukawajibu nini?"

"Nilikusikia, kaka. Kila siku nilikusikia. Na madam pia nilimsikia. Sasa wewe ungekuwa mimi, ungemsikia nani?"

Hakusema kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Kisha akahamisha makoti begani, akaniuliza kwetu ni wapi, na kama huko Nanyuki kuna baridi kama hii, nikamwambia hapana, si hivi.

Nilirudi kazini. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nilifunga kamba, nikakaza fundo, nikasema kwa sauti kwamba hakuna anayeshuka hadi mtu wa pili afike kwenye nundu. Walidhani mashine imeharibika. Dakika tano zilipita, kumi. Watu wakaanza kupiga kelele, wengine wakapiga simu. Meneja akaja na viatu vyake vya ofisi, akiteleza kila hatua, uso umemwiva.

"Fungua."

"Nitafungua, bosi. Nipe mtu."

Aliinama akafungua fundo mwenyewe. Mimi sikubishana. Nilishuka nikasimama kwenye nundu, nikainua mkono. Na kwa sababu juu hakukuwa na mtu mwingine wa kushika kamba, na foleni inamsukuma mgongoni, meneja akabaki nayo. Naona alikuwa hajui la kufanya. Nikiinua mkono, anaachia mtu. Nikishusha, anamzuia, na nilimsikia akiwafokea wateja kwa Kiarabu: subiri, subiri wewe! Tulifanya kazi hivyo kwa saa nzima. Walioanguka niliwainua, waliosimama niliwatoa pembeni, na hakuna aliyemgusa mwenzake. Nilifikiri, basi ameona. Ameona kwa macho yake.

Siku iliyofuata nilipangiwa maegesho ya magari, juani.

Siku nane baadaye Msudani alishuka kuvuta sigara, akaniambia Mnepali mmoja amewekwa kwenye nundu na mwingine anashika kamba. Meneja alikuwa ametangaza mpango huo kwenye kikao kama wake. Nilifurahi, nasema kweli, kwa muda wa kama dakika moja. Halafu hasira ikanipanda upya. Kumbe ilikuwa inawezekana. Kumbe watu walikuwapo wakati wote. Nilimwomba meneja anirudishe mteremkoni, kwa adabu zote. "Halas," alisema, yameisha, na mwezi huo huo nikahamishiwa Jeddah, kulinda mlango wa duka la samani.

Tulikaa mtaa wa Bani Malik, Wakenya sita kwenye nyumba ya vyumba viwili. Ijumaa moja, tukiwa tunakula, nikawasimulia. Hawakunisikiliza kuhusu kamba, wala ripoti, wala yule dada. Walibaki kwenye theluji.

"Riyadh? Theluji?" mmoja aliuliza. "Na mtu avunjike mkono?"

"Kwani ni ngumu?" mwingine akadakia. "Si ni kama ile ya friji?"

Wakacheka, wakaanza kubishana kama theluji ya kutengenezwa inaweza kuliwa. Nilijaribu kuwarudisha kwenye habari yenyewe, mara moja, mara mbili. Kisha nikasukuma sahani, nikaenda bafuni kufua sare yangu ya kesho.