Neno la Siri la Madame Emérence

Madame Emérence Syauswa alikuwa na ukuta mrefu kuliko kuta zote za mtaa wake pale Butembo. Juu yake alipanda vipande vya chupa, ndani akafuga mbwa wawili, na kwenye mlango wa chuma akaandikisha kwa rangi nyekundu kwamba parcelle hii, nyumba na kiwanja, haiuzwi. Hakuna aliyewahi kuuliza bei. Lakini ndivyo alivyokuwa huyo mama: aliwajibu watu kabla hawajamwuliza, na aliwajibu vibaya.

Miaka ishirini na sita alikuwa directrice, mwalimu mkuu, wa shule ya msingi, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuwatazama majirani kana kwamba wamekaa kwenye madawati mbele yake na wote wamefeli. Fundi viatu alikuwa mjinga. Shemasi alikuwa mjinga mwenye koti. Na Agar, mjane kutoka kijiji cha Kipese aliyeuza viazi na poireaux, vile vitunguu vya majani marefu, upande wa pili wa ukuta, huyo hata ujinga alikuwa hajaufikia. Agar alimwita Mama Paluku, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama akina mama wanavyoitana. Emérence hakuitika. Yeye alikuwa Madame.

Paluku mwenyewe alikuwa Ubelgiji, akimaliza shahada yake ya uzamivu juu ya magonjwa ya viazi. Mama yake aliwaambia watu kwamba mtoto anasomea sayansi, akaishia hapo, viazi hakuvitaja. Viza ya kwenda kumwona akitetea kazi yake ubalozi ulimnyima. Basi Paluku akaandika kwamba siku hiyo itaonyeshwa kwenye mtandao, wanaotazama waweze hata kuzungumza naye, na mwishoni atasema neno kwa ajili ya mama yake mbele ya maprofesa. Kiungo alikituma kwenye kundi la simu la parokia, wote waone.

Neno hilo Emérence alilitaka kuliko kitu chochote duniani. Lakini alitaka kulisikia akiwa peke yake, nyumbani kwake, si katika cyber kati ya jasho la watu. Ndipo akakata shauri kuweka wifi.

Aliyekuja kuiweka ni Falonne, fundi wa mitandao aliyewahi kusoma kwake. Alifunga antena juu ya bati, akapitisha waya dirishani, akaweka modem kando ya televisheni. Emérence alisimama nyuma yake muda wote.

"Wewe dictée ilikuwa inakushinda," alisema, maana daftari lake la imla alilikumbuka bado.

"Ndiyo, Madame. Sasa tubadilishe mot de passe, ile neno ya siri. Hii yenye ilitoka nayo ni mubaya, kila fundi anaijua. Tuweke maneno mingi yenye haina maana, na chiffres, namba, katikati. Uiandike kwa karatasi, ufiche."

"Miye nifiche karatasi ndani ya nyumba yangu? Andika: PalukuKambaleKaserekaKakule."

Falonne aliacha kuandika. Hayo yalikuwa majina ya watoto wanne wa Madame, wote wavulana. Ila kwa Wanande jina huja na zamu ya kuzaliwa: wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, nyumba kwa nyumba, toka Lubero mpaka Beni. Anayeweza kuhesabu wana wa Madame alikuwa na ufunguo tayari.

"Mais, Madame, batu bataibahatisha. Kila mutu anajua uko na batoto banaume bane."

"Bale? Hata majina yabo hapana bajue kuandika bila kosa, donc bataandika yangu? Andika, mutoto. Na usisahau majuscules, herufi kubwa."

Falonne aliandika. Kisha kwa amri ya mwenye nyumba akauita mtandao PARCELLE PRIVEE, akaenda zake.

Wiki hiyo watu walianza kuegemea ukuta wa Madame, simu mkononi. Alidhani wanashangaa antena, akawadharau kwa hilo pia.

Siku ilipofika alivaa kitenge chake cha sikukuu, akafunga milango na madirisha, akaketi. Paluku alitokea kwenye televisheni, amevaa suti, amekonda. Alizungumza, akaonyesha michoro yake, akajibu maswali. Emérence alikuwa anatabasamu peke yake, jambo ambalo hakuna jirani aliyewahi kuliona, pale picha ilipoganda. Paluku alibaki mdomo wazi.

Aligonga televisheni. Akampigia Falonne, ambaye alimwelekeza afungue ukurasa wa modem kwenye simu.

"Unaona simu na appareils zingine ngapi zimeingia?"

"Makumi tatu na moja."

"Madame, huo ni mutaa muzima."

"Bafukuze!"

"Tukibadilisha code sasa, yote itazimika kwanza, na weye pia."

Ndipo Emérence alipoisikia sauti ya mwanawe. Haikutoka kwenye televisheni. Ilitoka ng'ambo ya ukuta, safi kabisa, kwa Agar.

Alitoka mbio bila kufunga mlango. Katika uwanja wa Agar watu kama ishirini walikuwa wamezunguka simu moja iliyoegemezwa kwenye gunia la viazi, na Paluku anaongea humo, sasa kwa Kiswahili. Emérence hakusikiliza.

"Bezi! Nani aliwapa code yangu?"

"Mama Paluku, nyamaza kidogo," Agar alisema, mkono juu. "Anakuita..."

"Usiniite Mama Paluku, weye mutu wa poireaux!"

Akaendelea. Fundi viatu alipata yake, shemasi yake, mmoja baada ya mwingine, kama anasoma matokeo ya mwisho wa mwaka. Walimpungia mikono, wakamwonyesha simu. Hiyo nayo aliiita adabu mbaya. Alipovuta pumzi, simuni watu walikuwa wanapiga makofi. Kisha kioo kikawa cheusi.

Hakuna aliyemjibu kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Shemasi alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti.

"Amesema nini?" Emérence aliuliza.

Agar alimsogezea kiti. "Kaa, Mama Paluku."

Akakaa.

"Alisema utoto wake wote ulikuwa unamupatia dictée. Hata siku yenye hakukuwa kosa, ulimupatia neuf sur dix, tisa kwa kumi. Akasema: Maman, leo kosa hapana. Unipe dix."

"Kisha?"

"Kisha alingoja. Profesa alitaka baendelee, yeye akasema bangoje kidogo. Alikuita mara mbili: Maman, uko pale?"

"Na ninyi? Mulinyamaza?"

"Hapana mutu aliweza kujibu ku kifasi yako, pahali yako."

Emérence aliangalia mikono yake. Agar alipangusa simu kwa kitenge chake, akatafuta jina la Paluku kwenye kundi la parokia, akampa.

"Mupigie," alisema. "Réseau ya wifi ni yako."

Aliipokea kwa mikono miwili. Simu iliita, ikaita, ikakatika.

"Mupigie tena," Agar alisema.