Wiki ya Maryuri Kuwapima Wazazi

Ornella na mumewe Fulvio walisubiri miaka minne, wakajaza fomu za kutosha kuezekea banda la kuku, kisha wakavuka bahari kutoka Italia hadi Tunja, Kolombia, kuasili watoto wawili kutoka nyumba ya yatima ya masista. Duván, mwenye miaka minne, alimparamia Fulvio mgongoni siku ya kwanza akagoma kushuka. Huyo hakuwa na neno. Kazi ilikuwa kwa dada yake, Maryuri, mwenye miaka kumi na macho ya karani wa mahakama.

"Mtakaa nao wiki moja," aliwaambia Bi Consuelo, ofisa wa ustawi wa jamii. "Ijumaa nitamwuliza Maryuri mwenyewe. Akikataa, simlazimishi."

Ornella alianza vibaya. Jumatatu alimwogesha Duván jioni akamtoa nje na nywele mbichi, jambo ambalo Tunja, kwa baridi ile, hata mwehu halifanyi. Jumanne alimsuka Maryuri, na kabla hawajafika dukani nywele zilikuwa zimefumuka zote. Maryuri alimtazama tu kuanzia utosini hadi unyayoni.

Jumatano asubuhi Ornella alipika chokoleti ya moto. Duván akatumbukiza vipande vya jibini kikombeni. Ornella, maskini, akadhani vimemponyoka. Akavivua kwa kijiko, kimoja kimoja, akavisuuza bombani, akavirudisha kwenye sahani vikiwa safi kabisa. Duván akaangua kilio.

"Umemharibia," alisema Maryuri.

"Jibini ndani ya chokoleti?"

"Kwani kwenu mnaitia wapi?"

Fulvio alicheka mpaka akashika ubavu. Ornella hakucheka. Aliiona Ijumaa inakuja na yeye anarudi nyumbani kwenye vitanda viwili vilivyotandikwa bure, na aliumia. Lakini kuuliza si ujinga. Akavuta kiti.

"Maryuri, mimi sijui. Nifundishe."

Binti alimpima kidogo, kisha akafundisha. Jibini inaachwa ilainike, inaliwa mwisho kwa kijiko. Duván halali bila kusuguliwa mgongo. Sikio linalomsumbua ni la kushoto. Akinyamaza sana, ujue ameshavunja kitu. Ornella aliuliza siku mbili mfululizo, na Maryuri alijibu kama mwalimu mkuu, hata akamrudisha darasani alipokosea.

"Hapana, mama. Mgongo, si tumbo. Ukimsugua tumbo atacheka mpaka asubuhi."

Ijumaa wakaketi mbele ya meza ya Bi Consuelo. Ornella alikuwa na mikono baridi kama samaki.

"Haya, Maryuri. Umewaonaje?"

"Mama huyu hajui kusuka," alisema Maryuri. "Chokoleti hajui. Na alimtoa mtoto nje na nywele mbichi."

Fulvio alitazama viatu vyake.

"Ila ukimwambia hajui, hakasiriki. Anauliza." Maryuri alinyoosha sketi yake. "Duván anaweza kwenda nao. Nimeshamfundisha mama huyu kila kitu."

Bi Consuelo aliweka kalamu chini. "Na wewe je?"

"Mimi ni mkubwa. Wageni huchukua wadogo."

Alilisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja bei ya viazi. Ornella ndipo alipoelewa zile siku mbili zilikuwa za nini: mtoto alikuwa anamkabidhi ndugu yake. Angetaka kumkumbatia pale pale, lakini alishajifunza kwamba Maryuri si mtu wa kurukiwa.

"Tumekuja kwa ajili ya wawili," alisema. "Mambo ya Duván umenifundisha. Yako sijui hata moja. Wewe unapenda nini?"

Maryuri alimtazama Bi Consuelo, akamtazama Fulvio, akamtazama Duván aliyekuwa amenyamaza sana chini ya meza. Mwishowe akamgeukia Ornella.

"Sijui," alisema. "Nitafikiria tukiwa kwenye ndege."